Taa Nne za Kiogora na Fyuzi Niliyoiweka Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Salesio Kaberia
Umri: Miaka 52
Kazi: Muuza miraa
Makazi: Kinoru, Meru
Tarehe: 15 Julai 2019, saa mbili na nusu asubuhi

Mimi ni mjomba wa Kiogora, mwendesha boda wa Karurumo aliyemshtaki fundi Wambeti kwamba alimchomea pikipiki. Nimekuja kwa hiari yangu na sijalala vizuri.

Mnamo Alhamisi tarehe 11, saa nane mchana, nilikuwa kwa fundi Wambeti pamoja na Kiogora. Alitaka taa kali kwa ajili ya ukungu wa Kianjokoma. Fundi alibadilisha balbu ya mbele akaweka ya LED, akasema inakula umeme kidogo kuliko ile ya zamani. Kisha akafunga taa mbili ndogo za spoti kwa waya wa peke yake kutoka kwa betri, wenye rilei, ile swichi ya umeme, na fyuzi. Alifanya kazi polepole mpaka nikamtania kwamba anashona suti ya harusi.

Kiogora akasema, "Ongeza zingine mbili, madam."

Fundi akajibu, "Hii waya ni ya hizi mbili tu. Ukiongeza, fyuzi itakata. Ikikata usibishane nayo, toa ulichoongeza."

Tulisikia vizuri, wote wawili.

Ijumaa Kiogora alipata spoti mbili kuukuu za gari, zile za balbu za zamani zinazopata moto na kula umeme mwingi, akaziunga mwenyewe kwenye waya uleule. Nilimwambia amependeza.

Jumamosi tarehe 13 tulikuwa tunampeleka kwa wakwe Kianjokoma kutoa mahari. Yeye alitangulia kwa pikipiki, sisi wazee na akina mama tukafuata kwa gari. Ilikuwa saa tano mchana na jua limewaka. Hakuna aliyehitaji taa, tulihitaji kuonekana. Kama mita mia tatu kabla ya kufika, spoti zote zikazimika. Kiogora karibu alie. Shangazi zake wakamwita kwenye gari wamnyooshe tai.

Hapo ndipo nilipofungua kile kiboksi cha fyuzi. Ilikuwa imekatika, na ya akiba sikuona. Kwa kuwa nauza miraa na kuila, mfuko wangu haukosi chingamu ya kutafuna nayo. Nilitoa karatasi yake inayong'aa kama fedha, ambayo hupitisha umeme, nikaikunja mara tatu, nikaishindilia mahali pa fyuzi. Taa zikawaka zote. Kiogora aliporudi nikamwambia, "Ni waya ilikuwa imelegea." Huo ulikuwa uongo.

Tuliingia kwa honi. Langoni moshi ukaanza kutoka chini ya kiti cha pikipiki. Akina mama wa upande wa wakwe wakazidisha vigelegele, wakidhani ni mbwembwe za Wameru. Moto ulipotokea, baba mkwe aliuzima kwa ndoo nzima ya uji wa wageni. Hakuna aliyeumia, lakini waya na kiti viliungua.

Kiogora akapiga kelele, "Ni yule fundi!" Nikanyamaza. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa ukoo, na nilikuwa sijatamka hata salamu. Niliona aibu kukiri. Mahari ilipokelewa, nikala, nikachekesha watu.

Jana saa kumi jioni nilisikia kwamba Wambeti amewekwa ndani na kibanda chake kimefungwa. Chakula kikanishinda. Yule mama alifanya kazi safi. Fyuzi yake ilikata kama alivyosema, na aliyeizuia kukata mara ya pili ni mimi.

Nimeeleza yote kwa akili timamu, na sijaacha kitu.

(Sahihi) S. Kaberia

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Mlalamishi Kiogora ameondoa mashtaka, na fundi ameachiliwa saa nne kamili. Shahidi alimwomba radhi hapa ofisini. Fundi alisema jina lake halikuharibiwa ofisini, liliharibiwa stejini, Kiogora alipomtangaza kwa wenzake, kwa hiyo akaseme hayo huko mbele ya watu wa boda, kwa sauti ya msemaji wa ukoo. Shahidi amekubali. Wameondoka pamoja kuelekea stejini, fundi akiwa mbele.

Koplo Hared Mursal