Ile Kona ya Mwisho

Kiwanda cha Mikate,
Chumba cha Mapumziko,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko na kazi? Shemeji hajambo? Sisi wazima. Mama naye mzima, ila goti humsumbua akipanda ngazi, na anayemshauri apunguze kupanda huambulia maneno.

Nakuandikia habari za mpira, na hasa lile bao la fainali ya miaka minne iliyopita, ambalo hatujalizungumza tangu uondoke. Nivumilie, nitalifikia.

Timu ya kiwanda imechukua ubingwa. Katika mechi kumi na nne tumefunga mabao kumi na moja tu, na tumefungwa matatu. Watazamaji walikuwa wakipiga miayo. Lakini kombe liko kwetu, juu ya kabati la msimamizi, na wale waliofunga mabao thelathini wamerudi kwao mikono mitupu.

Mimi sasa ni beki. Usicheke. Mbio zimekwisha, kocha akanirudisha nyuma bila hata kuniuliza. Nilinuna wiki mbili nzima. Nilizoea kusimama mbele, mikono kiunoni, ninyi mkihangaika huko nyuma. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga ya kumi, hubebwa juu juu. Beki akikosa mara moja, atasemwa mpaka uzeeni.

Unakumbuka utaratibu wetu: kabla ya kona kupigwa, kila mtu anamshika mtu wake na kupaza sauti, "Wangu!" Juzi kwenye fainali tulikuwa tunaongoza kwa bao la penalti, wapinzani wakapata kona dakika ya mwisho. Nilimshika namba tisa wao, nikapaza sauti, tukaruka wote. Kiwiko chake kikanipasua nyusi, mpira ukatoka nje, mwamuzi akamaliza. Wenzangu wakambeba mpiga penalti. Mimi nilikaa chini, damu inanitiririka, nikakukumbuka wewe.

Mdogo wangu, yule aliyetufunga kwa kichwa mwaka ule alikuwa mtu wangu. Kocha alinipa mimi. Nikabaki katikati ya uwanja, nangoja mpira wa kukimbia nao ili nifunge mimi. Wewe ulimwacha mtu wako uje kuziba pengo langu, ukachelewa hatua moja. Kisha nikawa wa kwanza kukunyooshea kidole, na watu wakafuata.

Jana niliwaeleza wenzetu wote. Mzee wa tanuri akafuta mikono, akasema, "Tulijua, bwana. Tulikuwa tunakungoja useme." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nisamehe. Sina cha kujitetea.

Mama anakusalimu sana, na shangazi, na kocha, na mzee wa tanuri. Msalimie shemeji, umbusu mtoto.

Limebaki moja. Siku uliyosafiri nilituma neno kwamba niko zamu, siwezi kuja kukuaga. Sikuwa na zamu. Nilikuwa hapa hapa dirishani, peke yangu, na basi lenu lilipopita nilikuona unatazama huku kiwandani. Nikarudi nyuma ya pazia.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye.