Kufuli Liko Upande wa Nje

Mpendwa Ndeshi, mwenzangu wa kitanda cha deka,

Nimekupigia simu, hupokei. Nimekutumia ujumbe, umesoma na umekaa kimya. Basi nimeamua kukuandikia hapa kwenye kundi la wazazi, wazi, mbele ya macho ya wenzangu, kwa sababu ninachotaka kukuambia si siri ya mimi na wewe tena. Usije ukasema nimekuvizia. Hodi nilipiga kwanza.

Nianze na mazuri, maana yapo mengi, na ndiyo yanayouma kuliko mabaya. Unaikumbuka baridi ya bweni letu kule juu mlimani? Wewe ulilala deka ya juu, mimi ya chini, na baridi ikizidi ulishuka na blanketi lako ukanisukuma ukutani. "Sogea huko! Mmeru gani wewe unalia baridi ya mlima wa kwenu?" Nami nilikutania kwa ndizi mbivu ulizoficha kwenye tranka mpaka sare zako zote zikanuka ndizi muhula mzima. Likizo fupi ulikuja kwetu. Mama alikupa loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, ukamaliza bakuli la pili kabla mimi sijafika nusu ya la kwanza. Mpaka anakufa alikuwa akiniuliza, "Yule binti yangu Mchaga hajambo?"

Halafu kuna siku ile. Wewe huhitaji kusimuliwa, ila wanaosoma barua hii hawakuwepo.

Nilikuwa na malaria. Matroni wetu alikuwa na desturi ya kufunga mabweni kwa nje kila asubuhi watu wakishaingia darasani, ili watoro wasirudi kulala. Chumba cha wagonjwa kilikuwa kimejaa, kwa hiyo nilibaki nimejifunika gubigubi, na wewe ukakwepa kipindi cha hesabu ukabaki kunikanda maji. Tulisikia kufuli likibanwa. Tulicheka, tukaona tumepata mapumziko ya bure. Kwenye kona kulikuwa na ndoo ya plastiki yenye hita ndani yake. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri, mwenye ndoo akaisahau kwenye soketi, akaenda zake kusoma. Umeme ukarudi. Maji yakachemka mpaka yakakauka, ndoo ikayeyuka, na shuka lililoning'inia juu yake likashika moto.

Madirisha yalikuwa na nondo. Ulilowesha kanga yako kwenye yale maji ya kunikandia, ukaniburuta sakafuni hadi mlangoni, tukalaza pua zetu kwenye uwazi wa chini ya mlango. Uliupiga ule mlango mpaka viganja vikachubuka. "Usilale wewe! Nimesema usilale!" Matroni alikuwa ameshuka mjini sokoni, na funguo ziko kwenye mkoba wake. Aliyetusikia ni mpishi aliyekuwa akipasua kuni nyuma ya jiko, naye akaja na shoka lake. Tulipokuwa tumelala kwenye nyasi tunakohoa, ulinishika mkono ukasema, "Nikija kuwa mkubwa mahali popote, mtoto hafungiwi. Hafungiwi, umenisikia?"

Nilikusikia, Ndeshi. Niliamini.

Ndiyo maana ulipopewa ukuu wa shule ya serikali ya wasichana, nilifunga duka langu la sare Kimandolu nikaja kwako Njiro na jogoo mkononi, na jogoo mwenyewe akachafua kiti cha teksi. Tulikaa barazani kwako siku nzima tukipanga. Milango ifunguke kuelekea nje. Komeo liwe ndani. Grili za madirisha ziwe na bawaba, msichana azisukume atoke. Kengele ya dharura isifanane na ya vipindi, na wote wakimbilie uwanja wa netiboli wakahesabiwe na viranja wao. Wewe ulisema, mimi nikadakia, mimi nikisema unanikatiza. Ulisema viranja wa usalama waonekane kwa mbali, nikakushonea fulana za njano kwa mkono wangu, nikazileta kama zawadi. Nilijiona kama nami nimesaidia kuung'oa ule mlango wetu wa zamani.

Na Upendo wangu alipopangiwa kwako kidato cha kwanza, mtoto uliyesimama naye kanisani akibatizwa, majirani waliniuliza kama siogopi mambo ya mabweni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi wananijua. Niliwajibu kwa maringo kwamba mkuu wa shule ni Ndeshi.

Siku ya wazazi mlifanya zoezi la moto. Kengele ililia, mabinti wakatoka mistari iliyonyooka, fulana za njano zikang'aa, viranja wakahesabu kwa sauti, wageni wakapiga makofi. Nililia pale kwenye viti vya plastiki. Baba mmoja wa Nduruma aliyeketi jirani yangu aliniuliza kama nimefiwa.

Wiki iliyofuata nilikuja na masweta niliyokuwa nimeyamaliza kufuma. Ilikuwa asubuhi, watoto wako madarasani, na hapakuwa na mgeni wa kumpigia makofi. Nilikata njia kupitia mabwenini. Mlango wa bweni la kwanza ulikuwa na kufuli kwa nje. La pili hivyohivyo. Nilijiambia labda kuna sababu, labda hamna mtu ndani. Nikasikia mtu anakohoa.

"Nani yumo humo?"

Sauti ikatoka dirishani, ya heshima kabisa, kama tumekutana njiani.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa Upendo. Alikuwa anaumwa tumbo, akaruhusiwa kupumzika. Nilishika grili nikazivuta. Bawaba zipo, Ndeshi, lakini zimechomelewa. Nikamwambia asukume kwa ndani. Akasema, "Hazifunguki, mama. Zilifunguliwa siku ya zoezi tu, fundi akaja akazichomelea tena."

Nilikuja ofisini kwako nikipumua kama niliyekimbizwa. Ulinikaribisha chai. Chai! Nilikuuliza nani amefunga. Hukunidanganya, nakupa haki yako.

"Kaa, tuongee kikubwa," ulisema. "Hawa watoto wanatoroka. Mmoja akipata mimba, nani anaitwa wilayani? Ni mimi. Wezi wakiingia, ni mimi. Moto ukitokea, wote watasema ni bahati mbaya."

"Na Upendo yumo ndani, unajua?"

"Najua. Matroni wangu aliniambia. Nikamwambia afunge tu, mtoto apumzike bila kusumbuliwa."

Ulijua. Angekuwa mtu mwingine ningemwita mjinga, ningemfundisha, ningemsamehe mchana uleule. Wewe siwezi kukuita mjinga. Wewe unajua moshi ule una ladha gani mdomoni. Unajua mlango unavyokuwa mgumu mtu akiupiga kutoka ndani. Umelipima lile jambo, ukaona lawama ya utoro ni nzito kuliko mtoto wangu.

Nimekuwa nikijitafutia maneno ya kukutetea. Nasema kazi ni ngumu, mabinti ni wengi, walimu ni wachache, uzio umeanguka upande wa mashamba. Yote ni kweli. Jengeni uzio, tutakuja wazazi na majembe. Ajirini mlinzi wa kike akae mlangoni, tutachanga. Mngetuita tungekuja. Lakini hamkutuita kwa hayo, mlituita kutazama zoezi. Umenisaliti, Ndeshi, na umenifanya nikupigie makofi wakati unanisaliti.

Upendo nimemchukua. Yuko hapa dukani ananipangia vifungo, tumbo limetulia. Jana nilimwambia hatarudi kule, nikadhani atafurahi. Aliinua macho akauliza, "Na wale waliobaki, mama mkubwa atawafungulia?" Bado anakuita mama mkubwa.

Jumamosi wazazi tunakutana shuleni, nami nitasimama niyaseme haya yote mbele yako, na ukitaka kunikanusha uje na fundi wako wa kuchomelea. Ila Jumamosi ni mbali kwa mtoto anayeumwa leo. Asubuhi hii kuna binti wa mtu amelala humo, pengine ana homa, na mama yake yuko shambani akiamini yuko mikononi mwako.

Kwa hiyo sikutakii siku njema, wala usihangaike kunijibu. Ukifika mstari huu, inuka ofisini, nenda ukafungue. Ukimaliza, rudi ukae unichukie kwa nafasi yako.

Mimi,
Mama Upendo