Wenye Watoto Mdomoni Hawasafiri

Rumonge, Burundi
Jumatano, 10 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Hamidou,

Assalaam alaykum. Kabla ya neno lolote nakujulia hali. Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu Kaoutar aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kunyanyua vitu vizito, nawe bado unabeba masanduku ya vioo yenye maji. Hujabadilika tangu utotoni. Yeye mwenyewe hajambo? Na wale wanangu wawili bado wanakataa ugali, au shangazi yao aje huko Liège awakalishe mezani?

Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Presha yangu imetulia tangu nilipoacha chai ya sukari nyingi, ingawa roho inaitamani kila asubuhi. Mama mdogo Asiya wa Gitaza alikuja Jumamosi na mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, akakaa nusu saa, akanisema kwa unene wangu, akaondoka. Ukimsikia anavyosema utajua afya iko.

Ziwa limeanza kurudi nyuma. Mwezi wa tano maji yalifika mpaka kwenye kizingiti cha jikoni, na yale mahodhi yetu mawili ya chini bado yamo majini. Samaki wanaopita humo sasa wanapita bure.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Ni kwa sababu ujumbe wangu wa sauti unausikiliza nusu, halafu unajibu ile nusu uliyoisikia. Karatasi hainyamazishwi. Nampa Shafii, yule muuza vitenge wa karibu na msikiti, ambaye anasafiri Ijumaa kwa ndege ileile inayobeba samaki wako. Barua na samaki vitakufikia pamoja. Nimepanga hivyo makusudi, ili usipate nafasi ya kunizuia.

Uliagiza samaki hai tisini wa kuuza huko kwenye vioo, wale weusi wa kwenye mawe. Ukifungua masanduku utakuta sabini na mmoja. Usihesabu mara mbili, na usimpigie Shafii kelele, yeye hajui lolote. Waliobaki nimewazuia mimi, Nafisa, na sababu naieleza hapa chini. Kama ni kukasirika, kasirika ukimaliza kusoma.

Tuanze na Aristide, huyo fundi wa mifugo uliyeniagizia kutoka Bujumbura mwezi uliopita. Ni mtu mzuri, anaswali Kikristo kwake vizuri, anasalimia, ananawa mikono. Lakini alisomea kuku. Wiki iliyopita nilitoka sokoni nikamkuta amewatenga samaki kumi na tisa kwenye ndoo, na maji ya ndoo yamegeuka buluu kwa dawa.

«Mama Nafisa,» akaniambia, «hizi samaki ziko na bugonjwa ya mu koo. Zimevimba hapa, na siku tatu hazikule.»

«Iko batoto, Aristide! Batoto biko mu kinywa!» nikamjibu kwa usemi wake.

Hakuelewa. Unajua wewe, na mimi najua, lakini yeye nani angemwambia? Samaki wa namna hii mama hutaga, halafu huyachukua mayai mdomoni, na humo watoto huanguliwa na kukulia karibu mwezi mzima. Wenzake wakikimbilia chakula, yeye hubaki kwenye pembe. Anakonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Akichota chakula kidogo si chake, ni cha wale waliomo ndani. Aristide aliona koo lililojaa na tumbo lililokwisha, akaandika kwenye raporo, ripoti yake, kwamba ni ugonjwa.

Dawa ile iliwachoma. Wakaanza kuwatema watoto, mmoja mmoja, wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na kiini chake cha yai bado tumboni. Hamidou, hapo ndipo ninapotaka uniangalie. Wale mama, maji yakiwauma vile, walikuwa wanawarudia. Mmoja alimtema mtoto, akageuka, akamwokota, akamtema tena kwa maumivu, akamwokota tena. Nilimwambia Aristide «Toka hapo!» kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, nikaibeba ndoo mwenyewe mpaka kwenye hodhi la kivulini. Watatu walikufa kabla ya adhuhuri. Kumi na sita wakapona, na wengi wao wakiwa bado na watoto.

Nilikutumia habari jioni ileile. Ukajibu, nanukuu maneno yako nisije nikakusingizia: «Dada, samaki ni samaki. Watikise watoto watoke, wafungishe wote siku nne bila chakula, halafu pakia.» Na chini yake ukaongeza kwamba kama naona kazi imekuwa nzito, funguo nimpe Aristide.

Sasa nisikilize mimi.

Kuwatikisa unajua nani amewatikisa miaka yote. Ni mimi. Ulinifundisha mwaka ule wa kwanza, tukiwa na hodhi moja tu: unamshika mama ndani ya wavu uliolowa, unamfungua mdomo kwa ncha ya kidole gumba, unamzamisha na kumtikisa mpaka abaki mtupu, ili watoto wasichafue maji ya mfuko njiani. Nilikuwa na mkono mwepesi. Ulinisifu mbele ya watu. Miaka sita nimefanya hivyo na sikuwahi kukaa kuangalia kinachofuata, kwa sababu kinachofuata kilikuwa kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa kwenye gari.

Mwaka huu niliangalia, kwa bahati tu. Mwezi wa pili ndege iliahirishwa, na mama mmoja niliyekwisha kumtikisa akabaki hodhini siku mbili. Alizunguka pembe moja tu. Anaokota mchanga, anautema. Anaokota, anautema. Chakula nilimwekea mbele ya macho, hakukigusa. Niliona aibu, mdogo wangu. Sijui kama samaki analia, sina elimu hiyo, na sitaki mtu anicheke kwa swali hilo. Ninachojua ni kwamba alikuwa anatafuta kitu, na kitu chenyewe mimi nilikuwa nimekimwaga.

Kuhusu siku nne za njaa, najua zilikotoka. Zilitokana na ule mzigo wa mwezi wa tatu, gari lilipokaa kwenye foleni ya esansi kituo cha mafuta tangu asubuhi mpaka alasiri, jua likawapika samaki mle masandukuni, wakachafua maji, nawe ukapokea mifuko inayonuka. Uliumia, nami niliumia. Lakini kosa lilikuwa la foleni, si la matumbo yao. Safari hii gari halitoki Rumonge mpaka tangi lijae. Samaki nawafungisha siku moja na nusu, inatosha. Waliokonda zaidi ya hapo hawana nguvu ya kufika.

Na wale kumi na sita? Ungeniuliza kwa nini sikuwaacha hodhini wamalize kulea, tukawapakia baadaye. Nilifikiri hivyo usiku mmoja. Halafu nikakumbuka kwamba mama akimaliza kulea hodhini kwetu, pale pamejaa madume, hapumziki hata wiki, anakimbizwa tena. Tena nikakumbuka hiyo «baadaye» yetu, tunaijua mimi na wewe. Ingekuwa wiki ijayo, ungenipigia simu tena, nami ningekubali tena, maana wewe ukibembeleza mimi huwa nalainika.

Basi Jumatatu asubuhi nilimwita Meshaki, mzamiaji wetu, tukawatia kwenye madumu mawili yaliyokatwa, tukapanda mtumbwi wa injini kwenda kusini upande wa Nyanza-Lac. Sikutaka kuwamwaga hapa mbele ya nyumba. Weusi wa mawe yale wana rangi yao, wa mawe mengine wana yao, na kuwachanganya ni kuharibu kazi ambayo hatukuifanya sisi. Kwa hiyo tulikwenda mpaka kwenye mawe yaleyale Meshaki alikowashika.

Meshaki alinung'unika njia nzima. «Mama, tunazishika, tunazirudisha. Sasa hii kazi iko ya namna gani?»

«Siku ile ulilipwa kushika,» nikamwambia. «Leo utalipwa kurudisha. Wewe unapoteza nini?»

Akacheka, akavaa miwani yake, akazama na dumu la kwanza mkononi, kwa sababu ukiwamwaga juu juu ndege wanawachukua. Alipanda baada ya dumu la pili. Alikaa ukingoni mwa mtumbwi anajifuta uso. Halafu akaniambia kwamba mmoja wao, mara tu alipofika kwenye ufa wa jiwe, alifungua mdomo, watoto wakatoka wote wakaanza kudonoa jiwe. Meshaki alipotikisa mkono wakarudi mdomoni mwa mama yao, upesi, hakubaki hata mmoja. Mtu huyu amewashika samaki hao miaka ishirini, na hilo hakuwahi kuliona, kwa sababu kila alipofika alifika na wavu. Nililia mtumbwini. Naona heri ujue.

Kuna jambo moja zaidi, na hili liko mikononi mwako. Lilimponyoka Kaoutar mdomoni kwamba huko unawauza wanne wanne, kwa mtu mwenye kisanduku kidogo cha kioo. Hamidou! Hawa ni watu wa ukoo mkubwa. Waweke thelathini pamoja, kila mmoja anasukumwa kidogo na hakuna anayeumia, kama nyumba ya wapangaji wengi ambako ugomvi hauna muda wa kukua. Waweke wanne, mkubwa atamchagua mmoja na kumpiga mpaka amuue, kisha atamchagua wa pili. Nimeyaona kwenye mahodhi yetu. Hao wateja wako wanaorudi kununua tena kila baada ya miezi michache, unadhani wanarudi kwa mapenzi? Wasiuziwe chini ya kumi na wawili. Asiyekuwa na nafasi ya kumi na wawili, muuzie maua.

Aristide sikumfukuza. Nimemkalisha mbele ya hodhi la kivulini na daftari, aandike anachokiona, bila dawa. Jana alinifuata akanionyesha mama mwingine aliyejaa mdomo, akasema taratibu, «Huyu iko na batoto, Mama, nimemuacha.» Murakoze, nikamshukuru kwa Kirundi, na nilimaanisha.

Kuhusu funguo: kibali cha kuvua na kusafirisha kiko kwa jina langu, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaondoka siku tulipokiomba. Kufuli nimebadilisha jana. Sikufanya hivyo kukuibia. Nyumba hii ni yako, na fungu lako litakuja kama lilivyokuwa likija, hata likiwa dogo. Nimekulea tangu mama alipotuacha, nimekubeba mgongoni kuvuka mpaka wa Tanzania na mguu wangu ukiwa umevimba, sikukudai chochote, na leo sikudai pesa wala shukrani. Nataka kitu kimoja tu. Kama bado unaona wale wenye watoto watikiswe, panda ndege, uje, nitakupa wavu na nitasimama karibu yako. Umshike wewe. Umfungue mdomo wewe. Halafu ukae siku mbili kwenye hodhi, uangalie.

Wasalimie Kaoutar na watoto, na rafiki yako yule Mbelgiji mwenye mbwa watatu. Mama mdogo Asiya anakusalimu, Meshaki pia, na majirani wote wanaouliza Hamidou atakuja lini. Mungu akupe afya ya mgongo na riziki isiyokuumiza moyo.

Sanduku la tatu, lenye samaki wadogo zaidi, lifungue polepole, taa ya chumba ikiwa imezimwa, wasishtuke.

Mimi dada yako, nikupendaye hata siku ya leo utakaponikasirikia,

Nafisa