Nepi za Wanu

Kizimkazi,
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu Faiza,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya huko Muscat, na ule mgongo uwe umepoa. Sisi wazima. Mwanao Wanu ameanza kutembea, na akianguka hucheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Nimempa Mwanakheir, anayesafiri kuja huko, akuletee barua hii mkononi, kwani kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ungeniuliza, nami ningekudanganya.

Unajua nilipelekwa India miezi mitatu kujifunza kuchoma taka. Nilirudi na cheti, kisha akaja mwalimu wangu, Bi Lakshmi, kutujengea tanuri karibu na jaa. Lina vyumba viwili, kimoja cha kuchoma taka na cha pili cha kuchoma moshi wenyewe. Alisema kwao tanuri kama hili limeziondoa nepi mitoni, na hapa litaziondoa ufukweni.

Taka nyingine zililetwa. Nepi haikuletwa hata moja. Unajua tulivyolelewa, kwamba ukichoma choo cha mtoto umemchoma mtoto mwenyewe, basi wanawake wakaendelea kuzitupa baharini. Bi Lakshmi aliniuliza wanaogopa nini. Niliona haya kumwambia, nikasema ni uvivu tu. Akanitaka niwaonyeshe mfano.

Nikawaita wanawake, nikazitia nepi za Wanu motoni mbele ya macho yao, nikawaambia wasiwe na hofu. Jirani yetu Bi Rukaiya aliniuliza taratibu kama mama wa mtoto anajua. Nilimjibu kuwa unajua. Nisamehe, dada.

Siku ya tatu Wanu alishikwa na homa, mapaja yakamtoka malengelenge. Daktari wa kituoni alisema ni joto na unyevu, akampa dawa ya kupaka, na baada ya wiki ngozi ilirudi vizuri. Lakini wiki ile mimi sikula wala sikulala. Nilimficha ndani, nikawaambia watu ana mafua. Alipotoka nje mzima, wanawake wakaniamini. Sasa kila asubuhi wananiletea nepi, wananitajia na majina ya watoto. Nimeambiwa mwezi ujao niende Pemba kuwafundisha wengine.

Hili sijamwambia mtu. Tangu siku ile nepi za Wanu hazijaingia tanurini. Nazifukia nyuma ya banda la kuku kabla majirani hawajaamka. Za watoto wa wenzangu nazichoma. Niliyosomeshwa India nayaamini nikiwa nimeshika daftari. Nikifungua mlango wa tanuri, naogopa.

Jana mjukuu wa Bi Rukaiya alipata homa. Nilikwenda kumjulia hali, nikajitolea kumbadilisha nepi ili nimtazame mapaja. Hayana kitu, bado. Bi Rukaiya aliniombea dua kwa wema wangu, na nilipoaga akanikabidhi mfuko wa nepi za mtoto nikazichome. Mfuko uko hapa miguuni pangu ninapokuandikia, na tanuri limeshawashwa, wanawake wananingoja.

Wanu anakubusu mikono. Shoga zako wote wanakusalimu, na mimi nakuomba radhi kabla ya salamu.

Mdogo wako akupendaye,
Muzdalifa