Plagi ya Ruta

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika tena hapa Oli, Arua, fremu za madirisha ziko nusu. Mume wangu Afeku akaona ndiyo nafasi ya kubadilisha biti, kisu cha ruta, ile mashine yetu ya kuchonga kingo za mbao. Plagi kwenye soketi. Swichi imewashwa. Nikamwambia achomoe kwanza.

"Umeme hapana iko, Mama Letia. Wewe naogopa nini?"

Kuweka spana chini tu, umeme ukarudi. Ruta ikaruka, ikatafuna benchi. Yeye akacheka. Mimi nikachomoa plagi.

Jumanne, 4 Machi
Kwa kupima simwezi. Anaingiza biti mpaka chini, anainyanyua kidogo, ndipo anakaza. Kina anakipima kwa kibao alichokichonga mwenyewe, na hakosei. Plagi tu ndiyo inamshinda. Leo umeme umekatika, amerudia yale yale. Vidole hivyo ndivyo vinavyopiga adungu, kinubi chetu cha nyuzi tisa, kanisani kila Jumapili, na ndivyo vilivyonifanya nimpende. Nilikuwa nimeandika hapa ule msemo wa sikio la kufa. Nimeufuta. Sitaki neno hilo karibu naye.

Jumatano, 5 Machi
Kesho naenda mji wa Koboko, kutundika milango ya mteja. Yeye anabaki na fremu. Peke yake, na ruta. Sipendi.

Alipokwenda kuoga nimeikata plagi kwenye waya, nimeificha ndani ya begi. Akasirike akitaka.

Alhamisi, 6 Machi. Koboko
Mlango wa kwanza nimeufunga bawaba juu chini. Mteja amenitazama tu.

Nimekumbuka jambo baya. Kwetu plagi ikikosekana mtu hahangaiki: anachomeka waya mtupu kwenye soketi, anaubana kwa njiti za kiberiti. Mimi mwenyewe nimewahi, na pasi. Nilitaka kumlinda, sasa nimemwachia hatari mbili. Nimempigia simu. Haipatikani. Nimepiga tena. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Simu bado. Milango imekwisha, nimeondoka bila kungoja chai.

Arua. Karakana imefungwa, nyumbani hakuna mtu. Jirani kasema alimwona akitoka na kitambaa mkononi. Nikaanza kumtafuta mbio.

Nimemkuta kanisani, kwenye mazoezi. Kitambaa ni cha kufutia adungu. Nikatazama vidole kabla ya kusalimu. Vyote vipo. Nikalia mbele ya kwaya nzima wala sikuona haya.

"Mimi naona waya iko imekatwa," kasema. "Najua huyu mutu naogopa sana. Basi nafanya na patasi."

Simu yake ilikuwa imezimika, umeme hakuna wa kuichaji. Kwa patasi amemaliza fremu moja tu. Mteja atasubiri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeirudisha plagi kwenye waya, nimekaza skrubu vizuri.

Mchana umeme umekatika, na biti inatakiwa kubadilishwa. Afeku akachomoa plagi, akaja nayo, akaitia kwenye mfuko wa aproni yangu. Ndipo akashika spana. Nimesimama pale, waya umenifunga kama mbuzi, mpaka akamaliza kukaza.

Umeme haukurudi hadi jioni.