Mkono wa Mama Mkwe

Tumaini mjukuu wangu,

Marahaba. Babu yako anakusalimu, kikohozi kimemwacha. Unasema neno moja la Kiingereza lina maana mbili: kumzuia mtu asikosee, tena kumrudisha nyuma. Unauliza utajuaje ipi ni ipi.

Wanunuzi binafsi walipoanza kuja kijijini kwetu Maguu na malori, majirani walipukusa kahawa matawini, mbichi kwa mbivu, ili wauze upesi. Nami nikaanza. Mama mkwe akanishika mkono.

"Mwanangu, chuma nyekundu tu. Ukichubua tawi, mwakani halitoi maua."

Nikanuna, nikaona ananichelewesha.

Mwaka uliofuata matawi ya majirani yalikuwa matupu, yetu yameinama. Nilipiga magoti kumshukuru. Akanipa kikapu.

"Haya, leo sikushiki."

Nikachuma nyekundu tu. Mkono wake nausikia hadi leo.

Bibi yako