Stika ya Kijani kwenye Samova ya Shangazi

Jumatatu, 13 Februari 2006

Leo nimefanya kazi ambayo London nzima hakuna wa kuiweza ila mimi. Shangazi Sheikha kanunua samova ya umeme, lita thelathini, imeletwa kutoka Dubai, inang'aa mpaka unajiona ndevu. Ni wakfu wa mumewe, Mzee Harith, Mungu amrehemu. Inakwenda kwenye madrasa ya kwao Lamu, ipikiwe chai ya Maulidi mwezi wa nne. Kina mama mia mbili!

Shangazi wakfu usio na jina haupendi. Kaniletea kibati cha shaba chenye jina la marehemu. Nikachukua drili, ubavuni, skrubu mbili ndefu — kimekaa. Plagi ya miguu miwili nimeikata, nimetia ya miguu mitatu. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi mbili tu, basi mguu wa tatu nimeuacha mtupu. Nani atafungua?

Shangazi kalia. Kasema, Ziyad mwanangu, mikono yako ina baraka. Najua. Walimu wa Lewisham walisema sitafika popote. Waje waone.

Alhamisi, 16 Februari

Hayes, magharibi ya London. Baridi ya kukata masikio. Tunapakia kontena la Mombasa kwenye ghala la Mbarouk — bosi, Mpemba, mdomo mkali, moyo hivi hivi.

Siku hizi kuna udhia mpya. Chombo cha umeme hakiingii Mombasa bila cheti, na cheti kinakatwa huku huku kabla ya meli. Anakuja mkaguzi, anachomeka kila kitu, anapima kwa kidude chake. Kilichopita kinabandikwa stika ya kijani. Kilichofeli kinapata karatasi nyekundu na kinabaki. Yaani pasi ya mtu itiwe darasani ifanye mtihani! Mimi mwenyewe mitihani sikufanya na naishi.

Mbarouk kasema mkaguzi anakuja kesho, nikae na adabu. Nimemwambia adabu yangu ni ya Jumapili tu.

Ijumaa, 17 Februari

Namchukia.

Anaitwa Alkesh, Mhindi wa Kisumu, anakaa Tooting. Miwani kwenye kamba, kalamu tatu mfukoni, thermos yake mwenyewe — hata chai yetu haiamini! Nikamsema kwa Kiswahili mbele yake, kwamba huyu kaja kukagua au kaja kuposa. Akanijibu kwa Kiswahili, bila kunitazama: "Kuposa wapi, kijana, na nyumba yenyewe chafu hivi." Mbarouk kacheka mpaka kakohoa. Bosi gani huyo?

Friji kapitisha. Maikrowevu ninayompelekea binamu Miska kaipitisha. Kufika kwenye samova, akaweka kidude, kidude kikalia. Akaweka tena. Kikalia.

"Nani katoboa hii?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi wa maana."

"Basi mwambie huyo fundi wa maana keshaua mtu, bado jina tu."

Kafungua kitako. Kanionyesha kwa tochi. Skrubu yangu moja imepita mpaka kwenye waya wa moto. Bati lote lina umeme, na kwa kuwa plagi sikuitia waya wa tatu, hakuna pa kuukimbizia. Mtu mwenye mkono wa maji akishika bomba, basi. Akasema itolewe skrubu, izibwe tundu, itiwe waya mpya, aletewe Alhamisi aipime tena, bure. Kanikatia karatasi nyekundu, namba yake ya simu chini. Nimeikunja nikaitia mfuko wa nyuma. Nimeikalia.

Eti bure. Nani kamwomba?

Jumapili, 19 Februari

Shangazi kauliza, imepita? Bi Zahra wa jirani naye kakaa pale, masikio kama sahani.

Nimesema mkaguzi ana roho mbaya. Nimesema anataka kuonyesha ukubwa, hapendi watu wa pwani.  Shangazi kaanza kujilaumu, labda hakununua nzuri, labda alipaswa kuongeza pesa. Kasema Mzee Harith miezi mitatu hospitali hakuomba chochote ila watu wanywe chai kwa jina lake.

Ningemwambia pale. Skrubu ni yangu, Shangazi. Lakini Bi Zahra angelitangaza hilo Lewisham nzima kabla ya adhuhuri. Ziyad fundi! Wangenicheka mpaka kwenye harusi.

Nikasema, niachie mimi.

Alhamisi, 23 Februari

Alkesh kaja, kauliza iko wapi ile samova. Nimemwambia tumeirudisha nyumbani. Ilikuwa nyuma ya magodoro, hatua tano!

Alipoondoka nikachukua kikausha nywele cha dada wa ofisini, nikapasha stika ya kijani kwenye maikrowevu ya Miska. Imetoka nzima, hata pembe haikukunjika. Nikaibandika kwenye samova. Maikrowevu itasafiri mara nyingine. Namba ya stika hailingani, lakini Mombasa nani atakaa asome namba?

Skrubu nitawaambia Lamu kwa simu waikaze kidogo. Au waitoe. Nitawaambia.



Ijumaa, 24 Februari

Nimempigia Shangazi: imepita. Kapiga vigelegele kwenye simu. Kataka kuja kesho kuiaga. Nimemwambia usije, kuna matope, malori, hakuna pa kukaa. Kasema sawa.

Jumamosi, 25 Februari

Niko kwenye treni ya Hayes. Imesimama kabla ya Southall, dakika kumi na tano sasa, eti taa ya njia.

Nilichelewa kuamka. Sasa hivi humu ndani Bi Zahra kanipigia, sauti ya juu, furaha tupu: wako Hayes! Mwanawe kawachukua kwa gari. Wana majani, maziwa, iliki, tangawizi. Shangazi anataka chai ya kwanza ya samova wanywe wapakiaji, isomwe Fatiha, ndipo kontena lifungwe. Kasema, Shangazi yako anaijaza maji mwenyewe, hataki mtu aishike kabla yake.

Nikapiga kelele wasiichomeke! Simu ikakatika. Nimepiga tena, haipokelewi. Ya Shangazi inaita, inaita, najua iko kwenye mkoba chini ya kanga. Ya Mbarouk inatumika. Lita thelathini zinachukua muda kujaa. Muda gani? Bomba la pale lina nguvu ndogo. Dakika sita? Nane?

Watu humu wananitazama. Tazameni.

Alkesh yuko pale tangu saa tatu, ndiye anayefunga kontena. Nimeikunjua karatasi nyekundu, namba yake inasomeka. Nikimwambia, anajua kuhusu stika, na Shangazi atajua mbele ya Bi Zahra, na Mbarouk ananifukuza leo leo. Mhindi huyu atanisimulia Tooting nzima.

Nimebonyeza. Simu sikioni, naandika kwa mkono mwingine, mwandiko huu siujui.

Kapokea. Nyuma yake nasikia kina mama wanacheka.

"Nani?"

Mimi, nimesema. Fundi wa maana. Samova, usiwaache waichomeke!